Mluzi Uliousikia Nyansurura

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui kama shikamoo inafika huko uliko, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila kuisema.

Niko Nyansurura kwa Bibi, likizo. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda chako, upande ambao kaburi lako halionekani. Nikiliona siwezi kuandika. Kuna jambo nimeligundua juzi na hakuna mtu wa kumwambia. Ni wewe tu ungelielewa, na ni wewe tu ambaye lingekuumiza.

Nianze na habari za nyumbani. Umeme umefika. Nguzo zimepita kando ya malisho, na moja imesimama karibu kabisa na pale ulipokuwa ukiwekea ampilifaya yako. Bibi ana balbu sebuleni. Anaiwasha hata mchana wageni waione, na mimi nasoma usiku bila kuumwa macho, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nauchukia. Lakini wewe ulizihamisha waya zako kutoka Nyamongo kuukimbia umeme. Kule kibandani ulikokuwa unatengeneza redio za watu, ukivaa hedifoni ulisikia mngurumo tu, kutwa nzima. Ukasema kwa Bibi ndiko mahali pa mwisho penye ukimya. Sasa hata hapa pananguruma.

Nakumbuka siku ulipoutandaza ule waya mrefu kukatiza malisho, nondo moja ukaigongelea ardhini huku nyumbani na nyingine kule mbali. Mzee Wambura wa jirani alikuja akaegemea uzio.

"Mura, hiyo antena inashika mpira?"

"Haishiki, mzee."

"Mahubiri je?"

"Hapana."

"Sasa hao wa mbinguni wanakwambia nini?"

"Wanakaanga bisi, mzee."

Alicheka mpaka akashikilia uzio usianguke naye. Lakini ilikuwa kweli. Uliponivalisha hedifoni nilizisikia, radi za ziwani na za mbali zaidi, zikipasuka moja moja kama mahindi kwenye kikaango. Uliniambia kwamba chini ya stesheni zote kuna masafa ya chini kabisa ambayo hakuna mtu anayeyatangazia, radi zenyewe ndizo zinazotangaza. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa sijawahi kuambiwa kitu kizuri namna ile.

Bisi hazikukutosha. Wewe ulitaka mluzi. Ulisema radi ikipiga upande mmoja wa dunia, sauti yake nyingine hutoroka, ikapanda juu kupita mawingu na hewa yote, kisha ikateremka upande wa pili ikiwa imenyooka kama mluzi, unaoanza juu na kushuka taratibu hadi chini. Kila ulipopata nafasi ulikuja na pikipiki, na alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, tulikaa hapa tukiusubiri.

Kiangazi ardhi ikikauka waya ulikuwa hausikii kitu, ndipo ukaanza kunituma nimwage maji ya chumvi kwenye nondo. Sidhani kama walioandika vitabu vya redio walikuwa na ng'ombe. Wa Bibi waligundua siku ya kwanza tu. Yule mweupe ndiye alikuwa kiongozi. Alilamba, akaparua udongo kwa kwato, akaegemeza shingo kwenye nondo mpaka ikalala. Kuanzia hapo kazi yangu kwenye utafiti wetu ilikuwa kumfukuza ng'ombe.

Na alfajiri ile nilikuwa namfukuza. Nilikuwa kule nondo ya mbali. Niliporudi nilikukuta umesimama, hedifoni mkononi, machozi yanakutoka. Sijawahi kukuona ukilia kabla ya hapo wala baada.

"Umepita, Gati. Umepita sasa hivi. Umeukosa kidogo tu."

Ukauchora hewani kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Siku hiyo Bibi alichinja jogoo. Nyamongo nzima ilisimuliwa, hata wateja waliokuja kubadilisha betri. Kifua kilipokuzidi na hospitali wakasema tuje kukuaga, ulikuwa bado unauchora kwa kidole kwenye shuka. Mimi nilijua unachora nini. Wengine walidhani ni homa.

Msibani vijana walikosa kamba ya kufungia turubai, wakakata waya wako. Nilimwambia Marwa, mmoja wao, kwa sauti ndogo kama kawaida yangu, kwamba huo ni wa Baba Mdogo. Akanijibu, "Na turubai ni la nani?" Wote walikuwa wamekuja kwa ajili yako. Baadaye niliviokota vipande, nikaviunga kwa koleo na utepe wa nailoni, nikautandaza upya. Viungo ni vibaya, ungevicheka.

Halafu shuleni. Mwalimu wa fizikia aliniruhusu kutumia kompyuta, nami nikatafuta habari za mluzi. Niliukuta ukurasa wa mtu mmoja wa nchi ya baridi, mpenzi wa redio kama wewe, naye ana nondo zake na waya wake. Ameeleza vizuri sana. Kasema mluzi husafiri kwa kufuata njia za nguvu ya sumaku ya dunia, na kwamba kwa watu wa karibu na ikweta njia hizo zimelala, hazipandi. Huko, kaandika, haufiki, au unafika kwa nadra mno. Nilitafuta ramani ingawa niliijua. Sisi tuko karibu na ikweta, Baba Mdogo. Miaka yote ile tulikuwa tumekaa mahali ambapo haupiti.

Nilijiambia, nadra siyo kamwe. Ulisikia. Nilikaa na hilo muhula mzima.

Juzi alfajiri umeme ulikatika. Niliona balbu ya Bibi imezimika, nikatoka mbio na ampilifaya na hedifoni zako, zile ambazo tangu enzi zako sikio la kushoto limebaki plastiki tupu bila sponji, sauti za nje zinapenya. Bisi zilikuwepo. Zote, kama zamani, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kisha nikamwona yule mweupe amesimama kwenye nondo. Chumvi haijamwagwa pale tangu ufe, lakini bado analamba. Bila kuvua hedifoni nikampigia mluzi.

Wewe hukuwahi kunisikia nikipiga mluzi. Bibi alinikataza, alisema msichana hapigi mluzi nyumbani kwa watu, kwa hiyo nilikuwa napiga kule mbali tu, kwa ng'ombe, nilivyojifunza kwa wachungaji. Mluzi wangu unaanza juu, unashuka taratibu hadi chini. Uliniingia kupitia lile sikio la kushoto, katikati ya bisi, kana kwamba unatoka kwenye waya.

Nilibaki nimesimama pale mpaka umeme ukarudi na mngurumo ukafunika kila kitu.

Sina hakika. Juzi nilikuwa karibu, siku ile nilimpigia nikiwa mbali. Lakini alfajiri ile upepo haukuwepo, na ulikuwa ule ule, Baba Mdogo. Ni ule uliouchora. Nimejaribu kuwaza vinginevyo na siwezi.

Jana Bibi alinikuta nimekaa hapa. Akaniuliza kwa Kikurya, wewe msomi, niambie, mwanangu alisikia kweli? Nikamjibu, "Nilikuwa nafukuza ng'ombe, Bibi. Sikuwepo." Akaitikia kwa kichwa. "Basi alisikia," akasema, akaenda kuwasha balbu yake.

Ile nondo ya huku Bibi anafungia ndama. Waya nimeukunja, nimeuweka darini. Sitautandaza tena. Hakuna cha kusikiliza hapa, na mahali ambapo mluzi unapita ni mbali kuliko ninavyoweza kufikiria kwenda. Siwezi kukuahidi kwamba nitausikia kwa niaba yako. Ningekuwa nakudanganya, na wewe hukuwahi kunidanganya.

Nakuahidi kitu kidogo. Sitasema kwamba nami niliusikia, na sitamwambia mtu yeyote, hata Bibi, hata Marwa akinichokoza, kwamba wewe hukuusikia. Kama ulipita kweli, nisamehe kwa kutoamini. Na kama ni mimi ulinisikia, siku ile ulifurahi kuliko siku zako zote, na nilikuwepo.

Pumzika, Baba Mdogo. Naenda kumtoa mweupe kwenye nondo. Nitamfukuza kwa mikono.

Mwanao,
Gati