Benchi la Mama Lenye Bawaba

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo nimezipaka mafuta bawaba za benchi la Mama, nikaona nikae nikuandikie. Kwa mdomo sikuwahi kukuambia mengi. Unanijua. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba nikijibu swali darasani, anayesikia ni kola ya gauni langu tu. Sasa shule nimemaliza, niko hapa nyumbani Kanazi, na karatasi haiwezi kunitazama usoni.

Nakumbuka siku uliponichukua kwenda mjini Bukoba, kwenye nyumba ya Bwana Sefu iliyokuwa ikibomolewa. Ulikuwa wakati wa vita. Madukani hapakuwa na bawaba wala skrubu. Mlango wake mkubwa, uliotoka pwani enzi za babu yake, ulikuwa umelazwa uani, umeliwa na mchwa. Wewe ulipiga magoti kando yake ukaanza kung'oa chuma: bawaba ndefu kama mkono wangu, komeo, misumari ya pembe nne. Bwana Sefu akakusimamia, mikono kiunoni.

"Fundi, mlango mzima nimekupa, unachukua mifupa unaacha nyama?"

"Nyama wameshakula mchwa, Bwana Sefu. Mimi nimekuja nimechelewa."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akakuuliza unatengeneza nini. Ukamwambia, "Kiti cha nje, cha mke wangu." Akaingia ndani, akatuletea na njumu mbili za shaba, vile vifundo vya kupambia milango. "Mpambie," akasema.

Nilikuwa najua kwa nini. Mama alikuwa ameteleza kibanjani, kwenye migomba yetu, na mkungu wa ndizi kichwani, na goti lake likapona vibaya. Halikunjiki tena. Wanawake wenzake walikaa chini kwenye majani yaliyotandazwa, wamekunja miguu, wakichambua maharage na kucheka, naye akasimama mlangoni kama mgeni. Kukaa juu hakuthubutu, maana Babu, baba yako, alipita kila alasiri, na kwetu mke hakai juu mbele ya baba mkwe wake. Mama alianza kubaki ndani. Ulimtazama siku kadhaa, kisha ukaenda kutafuta ubao wa mvule.

Nilipenda kukuangalia ukifanya kazi. Bawaba zile ulizilaza kwenye mafuta ya taa, ukazisugua kwa majivu na gunzi la hindi mpaka ukaonekana ua alilochora mhunzi asiyejulikana. Msumari uliopinda hukuutupa. Uliulaza juu ya jiwe, ukaugonga polepole huku ukiuzungusha, kama unaubembeleza. "Chuma cha zamani kimeshamaliza kiburi," uliniambia. "Kipya ndicho kitakachokusumbua." Na kabla ya kupigilia ulitoboa kwanza kwa keekee, ili mvule usipasuke.

Lakini akili yako yote uliiweka miguuni. Benchi lilikuwa na miguu mifupi, shubiri moja tu kutoka ardhini, na kando yake miguu mirefu iliyofungwa kwa bawaba za Bwana Sefu. Ukiikunjua miguu mirefu na kusukuma komeo, Mama anakaa juu kama malkia. Ukivuta komeo, miguu inalala chini ya ubao, na benchi linakuwa kitu cha chini, cha heshima, karibu sawa na majani. Ulilijaribu wewe mwenyewe, ukasahau komeo, likakuangusha kwa kishindo. Mama alikuja mbio akichechemea.

"Umeumia?"

"Hapana. Nimehakikisha kwamba linashuka."

Hapo ndipo nilipomsikia Mama akicheka tena.

Kazi yangu ikawa kuchungulia njia. Nikimwona Babu na fimbo yake migombani, Mama anainuka, mimi navuta komeo. Babu anafika, Mama yuko chini, mguu ameunyoosha chini ya kanga, uso umetulia. Akiondoka, tunalipandisha. Hatukusema lolote kwa mtu. Ilikuwa kazi inayonifaa, kwa sababu haikuhitaji sauti.

Kisha kichomi kikakuchukua, Tata.

Siku za msiba wanawake walijaa ndani kwenye majani, na Mama alikaa chini katikati yao kama inavyompasa mjane. Siku ya pili niliona ameuma pindo la kanga. Hakuwa analia, goti lilikuwa limevimba. Nilisubiri mtu mzima aone. Hakuna aliyeona. Nikatoka nje walipokaa wanaume, nikapiga magoti mbele ya Babu, nikaishika kola ya gauni langu.

"Sema, mtoto," akasema. "Aliyekufa ni mwanangu, mimi bado nasikia."

"Babu waitu," nikamwita kwa heshima, "Mama hawezi kukaa chini. Tata alimtengenezea benchi."

Mzee mmoja wa ukoo akaguna. "Hata mwenyewe hajapoa kaburini, mjane anataka kupandishwa juu?"

Babu aliinuka. Alinifuata hadi nyuma ya jiko, akalitazama benchi, akalipindua. Akapitisha vidole kwenye bawaba, kwenye lile ua. Akaona miguu mirefu imelala. Nikaikunjua, nikalisukuma komeo, nikamwonyesha.

"Kwa hiyo nilipokuwa nikija, mlikuwa mnanishushia?"

"Ndiyo, Babu."

"Mbona hakuniuliza?"

Akapitisha kidole kwenye komeo. "Angeniuliza, labda ningekataa," akasema. "Alinijua. Akaona afadhali afanye kazi mara mbili kuliko kunivunjia heshima, au kumwacha mkewe aumie." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nilidhani nimezaa seremala tu."

Alilibeba mwenyewe, Tata. Akapita nalo katikati ya wanaume, akaliweka barazani mlangoni, akalisimamisha kwa miguu mirefu, akamwita Mama mbele ya watu wote. Mama alikataa. Akamwita tena: "Njoo ukae, binti yangu. Mume wako alikwisha kupima kimo chako." Yule mzee wa ukoo akatazama pembeni. Mama akaja, akakaa, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ulipokata roho.

Naandika haya kwa sababu nilikuwa nikikuona fundi hodari, na sasa nakuona zaidi ya hapo. Wengine wakikuta mila inamuumiza mtu, huvunja kimoja kati ya viwili, mila au mtu. Wewe ulivipima vyote, ukaondoka kutafuta bawaba.

Babu bado anapita kila alasiri. Mama humwamkia akiwa juu pale pale. Anainamisha macho, ila benchi haliinami.

Pumzika vyema, Tata.

Ni mimi, binti yako