Paskali Ntandu, Mpiga Zeze Aliyesimama Mlangoni kwa Deo

Mwaka umezunguka, Paskali, tangu jiwe likupige kichwani ukiwa umesimama mlangoni kwa Deo, hapahapa Issuna.

Tunakukumbuka ukirudi shambani na jembe begani, ukiimba kwa sauti ya chini usije ukamwamsha mtoto wa jirani. Kula peke yako hukuweza. Mgeni asipokuwepo, ulitoka kwenda kumtafuta barabarani.

Miaka mingi ulipiga gitaa kwenye baa ya karibu na stesheni ya Manyoni. Ulipiga dansi, na zeze la marehemu baba yako likabaki darini na vumbi. Ndipo wezi wa ng'ombe walipoingia kwa mdogo wako Laurian. Walimchoma mishale ndani ya zizi, na alipokataa kumwachia ndama aliyemshika, wakamkata panga shingoni. Mifugo yote ikaenda. Lango halikuvunjwa. Kuna mtu alilifungua.

Mazikoni mama yako alikuomba umwimbie mdogo wako wimbo wetu wa Kinyaturu wa kumuaga marehemu. Ulianza vizuri. Ulipofika katikati maneno yakakupotea, ukabaki umesimama mbele ya kaburi huku watu wakitazama chini. Manyoni hukurudi tena. Uliwafuata shangazi zako nyumba kwa nyumba wakufundishe nyimbo za kuvuna uwele, za harusi, za msiba, mpaka wakasema umewachosha.

Siku hizi za ruksa, bidhaa za nje zikiwa zimejaa madukani, redio kaseti zimeenea hadi vijijini. Abdulmajidi, mwenye duka la kaseti Singida mjini, alikuwa akirekodi kwaya na ngoma kwenye chumba cha nyuma, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za nje. Ulimwendea na zeze. Wimbo wa msiba ukauongezea ubeti wako: uliuliza nani aliyefungua lango la Laurian, kisha ukajibu mwenyewe kwa jina la Deo, jirani yetu, kama watu walivyokuwa wakinong'ona.

Abdulmajidi alizima mashine. "Mzee Paskali, ubeti huo uache. Utaleta damu."

"Damu imeshakuja, Abdul," ulimwambia. "Washa."

Siku ya mnada kaseti yako ilipigwa kwenye kilabu cha pombe. Vijana walisikiliza, wakarudisha nyuma, wakasikiliza tena ubeti ule. Kisha wakainuka na marungu, mapanga na dumu la mafuta ya taa. Ulipopata habari ulikimbia kukatisha mashamba ya alizeti, binti yako Joyce nyuma yako. Mlikuta ng'ombe wa Deo wamekatwa miguu, wanalia chini, na banda la jikoni linawaka moto. Yeye alikuwa amejifungia ndani na mkewe Theresia na watoto wao. Ulipenya katikati ya kundi ukaweka mgongo wako mlangoni.

"Tupishe, baba," mmoja alisema. "Si wewe uliyemtaja?"

"Nilimtaja ili ajibu. Sikuimba ili watoto waungue. Anayetaka kuingia aanze na mimi."

Jiwe lilitoka kwenye kundi. Ulianguka miguuni pa Joyce, damu ikakutoka sikioni, na wale vijana wakatawanyika mmoja mmoja. Theresia alifungua mlango, akachana kanga yake akakufunga kichwa. Deo alikubeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari. Gari lilipatikana, lakini hukufika hospitali. Kesho yake Deo alikwenda polisi kwa miguu yake, akakiri kwamba lango alilifungua yeye. Amefungwa.

Humu ndani ya familia kaseti ile imetugombanisha. Mkeo Marietha alitaka ichomwe. Mjane wa Laurian alitaka isikike kila siku. Mwisho Joyce alichukua zeze akaenda kwa Abdulmajidi, akaurekodi upya wimbo wa msiba, wote, hadi neno la mwisho. Wanaoagwa humo ni Laurian na wewe.

Aliyerusha jiwe tunamjua. Tunakutana naye kisimani, anainamisha macho. Kabla ya kurekodi Joyce alimwuliza bibi yake kama amtaje kwenye wimbo. Mama yako akasema, "Na yeye ana mama."

Hakumtaja.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni Issuna Jumapili hii. Unakumbukwa na mama yako Selina, mkeo Marietha, binti yako Joyce, mjane wa Laurian na wanawe, shangazi zako wote, rafiki yako Abdulmajidi wa Singida mjini, na Theresia pamoja na watoto wake, ambao wote ni wazima.

Hatutaacha kukukumbuka, Paskali, maadamu tunaishi.