Shuka la Golnar

Bam,
12, mwezi wa Mehr.

Mpendwa Mama Mdogo Forugh,

Pokea salamu zetu nyingi. Magoti yako yanavumiliaje baridi ya Göteborg? Sisi hatujambo. Tende zimeiva, na mama hakosi kukutaja kila akionja.

Kifurushi kilifika. Nitasema wazi, maana nikinyamaza nitapasuka: kwa nini vidonge vya vitamini D ulimtumia Golnar? Usubi ulituuma sote wawili shavuni, mimi na mdogo wangu, ukatuachia vidonda. Kidonda chake kimefunga, changu bado kibichi. Yeye alikuwa kutwa juani akichuma tende. Mimi najifunika gubigubi nisipoteze weupe. Aliye nacho huongezewa, sivyo?

Bibi Touran, mama yake Siavash, amesema posa itangoja mpaka uso wangu upone. Kila akija humshika Golnar kidevu na kumsifu, na chai anayokunywa nimeipika mimi. Nina wivu, mama mdogo, wivu wa kuninyima usingizi.

Daktari alinipima damu akakuta vitamini hiyo imepungua sana. Alisema hakuna ajuaye kwa hakika kama ndiyo inayochelewesha kidonda. Niendelee na sindano za kidonda, nimeze vidonge, na mikono ipate jua kidogo. Golnar akanipa chupa nzima uliyomtumia bila kuombwa. Hata hilo lilinikera.

Sasa kila asubuhi tunapanda juu ya paa. Mimi nakunja mikono ya gauni, naye anashikilia shuka lisipeperushwe na upepo, majirani wasinione.

“Tulia uive, malkia wa kivulini,” hunitania.

Golnar mwenyewe alikatazwa jua na daktari, kwa kuwa kovu jipya hugeuka jeusi upesi. Ndiyo maana siku hizi haendi shambani. Jana nililitazama kovu lake, limeanza kuwa jeusi. Nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi kwelikweli. Kisha nikamwambia avute mtandio afunike shavu.

“Nina mikono miwili tu, dada, na yote imeshika shuka lako.”



Wasalimie baba mdogo Esfandiar na Parvaneh wetu. Mungu awape afya, na jua la kuwatosha huko.

Kifurushi kijacho andika tena jina la Golnar. Tia mafuta ya kukinga jua, yale mazuri. Nitaona wivu, lakini mtumie.

Wako akupendaye hata akinuna,
Mahrokh