Tumbo la Bwana Mkubwa

Ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Wifi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umevua viatu vya kazini, na una kikombe cha kitu cha moto mkononi. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze huko kimepona? Na yule mgonjwa wako mzee anayekataa dawa mpaka umwimbie, bado unamwimbia? Sisi huku ni wazima. Mama mkwe naye ni mzima, ila goti lake bado linamsumbua kila anapopanda ngazi zetu. Mdogo wako amenenepa, na majirani wananisifu mimi kwa mapishi, kumbe sifa ni za tanuri la kazini kwake.

Wifi, ndoa ni tamu. Miezi mitatu sasa, na nikirudi jioni nikasikia nyayo zake nyuma ya mlango moyo wangu bado unaruka kana kwamba amekuja kuniposa upya. Kila siku ananiletea andazi moja alilolifinyanga kwa mkono wake mwenyewe. Mara ni ndege, mara ni kobe, na juzi lilikuwa kitu ambacho yeye alisema ni mimi. Nililila kwa huzuni, nikianzia miguuni.

Lakini leo sikuandikii kwa sababu ya maandazi. Najua utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Ni kwamba jambo lenyewe nilishindwa kulisema kwa simu. Basi nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho. Lisome kwa mpangilio nilioupata mimi, maana nikianza na mwisho sitapata ujasiri wa kuandika mwanzo.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita ulipopiga simu uliniuliza Bwana Mkubwa anaendeleaje. Nikakujibu, hajambo. Wifi yangu, hakuwa hajambo. Nilikuwa nimesimama mbele ya tangi lake, simu sikioni, nikimtazama amelala ubavu juu ya maji, tumbo limemtoka kana kwamba amemeza gololi. Nilikudanganya, na tangu siku hiyo andazi halinishuki vizuri.

Sijasahau siku uliyonikabidhi. Pale ukumbini, wageni wanakula, ulinivuta kando na ile chupa mikononi, naye yumo ndani, wa buluu, mapezi yanapepea kama gauni langu. Uliniambia kwamba miaka miwili ya kuishi peke yako yeye ndiye uliyekuwa ukimsalimia ukitoka zamu, na kwamba ndege utakayosafiria haichukui samaki. Ukanionyesha ule mchaniko mdogo kwenye mkia wake ili nimjue. Mimi nikaahidi. Ndiyo ahadi yangu ya pili siku ile, na ya kwanza kwako.

Sasa nikueleze ilivyoanza. Mwezi uliopita niliona tumbo lake limeanza kuwa la mviringo. Wifi, usinicheke. Mimi ni bi harusi mpya, kichwani mwangu kuna vitanda vya watoto na soksi ndogo ndogo. Nikajua moja kwa moja, licha ya jina lake, kwamba ana mimba. Nilifurahi mpaka nikamwimbia. Na kwa kuwa mjamzito hula kwa ajili ya wawili, nikamwongezea chakula: badala ya zile punje mbili ulizoniandikia, nikawa natia sita, nane, kila asubuhi na kila jioni. Yeye alikuwa akija juu mbio akifungua kinywa. Nikasema, mama ana hamu.

Mama akavimba. Kisha akaanza kuogelea upande upande, akijitahidi kushuka chini na kurudishwa juu kama kizibo. Hapo ndipo furaha iliponitoka.

Unajua ninafanya kazi kwenye duka la miwani. Nilimwomba fundi wetu lenzi ile kubwa ya kuangalia mikwaruzo, nikaja nayo nyumbani. Ajabu ya samaki ukimwona kupitia lenzi! Jumapili ile ya simu yako nilikaa nayo saa nzima, chakula kiko jikoni kinapoa. Kila gamba lina rangi yake. Shavu likifunguka unaona wekundu ndani. Jicho linazunguka na kukuangalia, na nilihisi ananiuliza kitu. Tumbo lilikuwa limekaza upande mmoja zaidi ya mwingine, na hakuwa ametoa choo siku nyingi. Niliyaandika yote kwenye daftari, maana sikujua lipi lina maana na lipi halina.

Kesho yake, Jumatatu, nikaenda na daftari langu kwa muuza samaki wa mapambo, yule mwenye duka jembamba lililojaa mapovu na taa za kijani. Nikamsomea yote, pamoja na habari ya mimba. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema taratibu, "Dada, huyo ni dume."

Nilitamani niingie kwenye moja ya matangi yake nijifiche.

Akaniuliza kama magamba yamelala au yamesimama. Ukimwangalia kutoka juu, alisema, akiwa na magamba yaliyosimama kama ganda la nanasi, basi mwili wake unajaa maji, figo zimeshindwa, na wengi hawaponi. Yakiwa yamelala laini, huenda ni chakula kilichokwama. Kwa mara ya kwanza nilishukuru ile lenzi. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: magamba laini.

Basi dawa ya kwanza ni kufunga. Siku tatu asile chochote. Nipunguze theluthi ya maji na kutia mengine yaliyokaa ndooni siku nzima, yenye joto sawa na ya tangi. Nikamwambia siku tatu ni nyingi, si atakufa njaa? Akachukua lenzi yangu, akaishika mbele ya jicho langu mwenyewe, akasema, "Tumbo la samaki huyu ni kubwa kama jicho lake. Sasa wewe pima ulichomtilia humo."

Niliporudi nyumbani nilimweleza mdogo wako. Alisikitika sana. Tukakubaliana: siku tatu, hakuna chakula. Nikaficha kopo la punje ndani ya sufuria kubwa, juu ya kabati, ili mkono wangu usinisaliti.

Siku ya kwanza, tumbo vilevile. Ya pili, vilevile. Ya tatu, Wifi, limeongezeka. Hapo sikulala vizuri. Nilijiuliza mtu asiyekula anavimba kwa kitu gani? Nikaandika swali hilo daftarini na kulipigia mistari miwili chini. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kwenda kazini, nikachukua tena lenzi na kukagua tangi pembe kwa pembe. Nyuma ya lile jani la plastiki kulikuwa na kitu cheupe kidogo, kimelowa. Kwanza nilidhani ni plasta ya dari. Nikakiopoa na kijiko. Kilikuwa laini, na kwenye lenzi kilikuwa na vitundu vidogo vidogo vingi. Mimi vitundu hivyo navijua. Ninavila kila siku.

Mkate.

Niliomba ruhusa dukani, nikabaki nyumbani nikimsubiri. Yeye, kama ujuavyo, hutoka alfajiri na kurudi saa saba mchana, mimi nikiwa kazini. Alipoingia na mfuko wake wa andazi alinikuta nimekaa mezani, kile kipande kiko kwenye kisosi mbele yangu, lenzi kando, kama hakimu. Hakubisha. Alikaa, akafuta unga kwenye nyusi, akaniambia kwamba tangu tufunge ndoa amekuwa akimpa Bwana Mkubwa makombo ya mkate kila mchana, na hata siku za kufunga hakuacha.

Nikamuuliza, si tulikubaliana hakuna chakula?

"Kwani makombo ni chakula?" akaniuliza, na alimaanisha. "Chakula si zile punje? Makombo ni makombo tu. Halafu aliniangalia."

Wifi, mtu anayeoka mikate mia nne kwa siku, anayejua kuliko sote jinsi unga unavyofura ukipata maji na joto, alikuwa akiutia mkate ndani ya tumbo lenye ukubwa wa jicho na hakuwahi kufikiria hata mara moja kwamba ni chakula. Nilitaka kukasirika. Lakini mtu huyu alinipata mimi kwa mkate. Miezi sita alikuwa akipita dukani kwetu na mfuko wa karatasi, akisema ni masalio, kumbe ameyaoka kwa ajili yangu. Hajui njia nyingine ya kupenda. Na mimi nilimtilia samaki punje nane kwa ajili ya watoto wasiokuwepo. Ningemhukumu kwa lipi?

Jumamosi hali ikawa mbaya zaidi. Bwana Mkubwa hakuja hata juu kunisalimia, alilala pembeni akihema. Mdogo wako alitoka bila kusema, akarudi baada ya saa moja, akasimama mlangoni. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kule kwa muuza samaki yuko mwingine wa buluu, umbo lile lile, na kwamba dada yuko mbali, hatajua.

Nakuambia ukweli wangu wote: nilishawishika. Nilishakudanganya kwa simu, na uongo wa pili ungefunika wa kwanza. Nilifikiria hata ule mchaniko wa mkia, kama ungeweza kutengenezwa. Nilipojisikia nikifikiria hivyo, nikajiogopa.

Nikamwambia, "Nimeingia kwenu miezi mitatu tu. Sitaki kuwa wifi mwenye samaki wa bandia."

Alicheka, macho yamemjaa maji. Kisha akavua koti, akaniuliza tufanye nini.

Kulikuwa na dawa ya pili aliyonitajia muuza samaki: chumvi ya Epsom, ya kulegeza tumbo, inayouzwa famasi, si ile ya jikoni. Kijiko kimoja cha chai katika lita nne za maji, samaki akae humo dakika kumi, zisizidi kumi na tano, na maji yawe na joto lile lile la tangi. Wifi, ungemwona mdogo wako siku ile! Alipasha maji kidogo, akaingiza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, akatikisa kichwa, akaongeza ya baridi, akajaribu tena. Alisema hayo ni ya uvuguvugu wa kuamsha hamira, inabidi yapoe zaidi kidogo. Alipotosheka nikaingiza kipimajoto: sawasawa na cha tangi, bila tofauti hata ya nusu digrii. Chumvi aliipima kwa mizani yake ndogo ya kazini. Kisha akamchukua Bwana Mkubwa kwa kikombe, polepole, kama anavyohamisha donge lililoumuka ambalo likishtuliwa litanywea. Nilisimama nimeshika saa na nikampenda upya kabisa.

Tulifanya hivyo Jumamosi, tukafanya na Jumapili. Na hakuna aliyekula mbele ya tangi, mtu wala samaki: nilipiga marufuku mkate ndani ya chumba kile. Andazi langu nililila kwenye ngazi.

Jumatatu alfajiri niliamshwa na kelele. Mume wangu, aliyepaswa kuwa njiani kwenda kazini, amepiga magoti mbele ya tangi na tochi. Bwana Mkubwa ametoa choo. Wifi, sijui kama ni adabu kuliandika jambo hili kwa mtu wa hospitali, lakini wewe utalielewa. Kilikuwa kirefu, cheupe, na kwetu kilikuwa kizuri kama cheti. Tulikumbatiana. Alichelewa kazini na akawaambia sababu, na sasa huko tanurini wamempa jina la Daktari.

Jumanne nilichemsha njegere moja, moja tu, nikaivua ganda, nikampa kipande kidogo kama kichwa cha sindano. Akakipiga chenga, akakirudia, akakimeza. Siku baada ya siku tumbo likashuka. Sasa anaogelea sawasawa, halali tena upande, na nikimwekea kioo anakunjua mapezi yote na kugombana na sura yake kama zamani.

Na leo asubuhi nimekuta mapovu madogo mengi juu ya maji, yamepangwa kwenye pembe kama shanga. Nilitimua mbio hadi kwa muuza samaki na daftari langu, nikidhani ni ugonjwa mpya. Akacheka. Alisema dume mwenye afya hujenga hivyo: ni kiota, anaandaa nyumba hata kama hana mke. Nilirudi nikamsimulia mdogo wako. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu, mikono ameifunga nyuma ili isije ikatia kitu.

Tumeweka utaratibu. Kwenye kopo la punje kuna kibanio cha nguo. Aliyemlisha anakihamishia kwenye mfuniko, ili mwenzake ajue ameshakula. Punje mbili, zimelowekwa kwanza, na siku moja kwa wiki hapewi kitu. Mkate haumo.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kuyasema kwa simu. Unisamehe kwa lile neno "hajambo". Leo ndipo ninapolisema kwa haki: Bwana Mkubwa hajambo, ni yule yule wako, mchaniko na yote. Ukipiga simu ukiniuliza tena, nitakwenda kumtazama kwanza ndipo nijibu.

Nami nina swali kwako, wewe uliyemlea mume wangu. Alikuwa hivi tangu utoto? Alimlisha mkate nani mwingine, kuku, paka, wewe ulipokuwa mgonjwa? Niandikie yote. Nataka kumjua kabla ya kufika wale walio katika zile soksi zangu, maana wao nao watamwangalia.

Nisalimie wenzako wa wodini, na mzee wako wa nyimbo. Mama mkwe anakusalimu na kusema uvae sweta mbili. Mdogo wako anakusalimu sana. Alitaka nitie andazi ndani ya bahasha, nikamkatalia. Mungu akulinde katika zamu zako, akupe usingizi mzuri na watu wa kukusalimia urudipo nyumbani.

Ni mimi, wifi yako akupendaye kwa dhati,

Mke wa Daktari.