Namba za Jumamosi

Kangeta,
14 Juni 2015

Kwako dada Kathure,

Salamu nyingi zikufikie hapo Embu, wewe na shemeji Gitari na watoto. Natumai hamjambo nyote. Mimi niko sawa. Usicheke kuona barua. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, maana wewe ni mwalimu hata kwa ndugu yako.

Kwanza asante. Tangu daktari aseme nina kisukari aina ya pili, mimi kijana wa miaka ishirini na tisa, wewe ndiye uliyeninunulia mashine ya kupima sukari na kunibandikia ukutani karatasi ya chakula, eti nisikatwe mguu kama baba. Siku hizi natembea hadi kwa shangazi Ciakuthii na kurudi, saa nzima, kila asubuhi. Nawapungia mkono watoto wa shule mpaka wananiita mbunge. Ugali ni kipande cha ngumi, mboga ndiyo mlima. Suruali zinanianguka na wasichana wa sokoni wameanza kuniulizia. Sijisifu, nakuambia ukweli tu.

Lakini jambo moja karatasi yako haikusema. Sisi wafungaji wa miraa hutafuna vijiti vyake tukifunga mafungu ya kuuza, na miraa ni chungu, lazima uteremshe na soda. Nikajiambia, chai nakunywa bila sukari, basi nimetii. Soda tatu kwa siku, wakati mwingine nne. Mwongera, yule ninayefunga naye, aliniambia sukari haijali imeingia kwa kikombe au kwa chupa. Nikamjibu kwamba yeye aliachia darasa la sita na mimi la saba, kwa hivyo anyamaze.

Sasa kaa chini kwanza. Zile namba za sukari nilizokutumia kila Jumamosi, tano na kitu, hazikuwa zangu. Nilikuwa namdunga Mwongera kidole, nikimdanganya kwamba najifunza mashine. Miezi miwili umeshangilia damu ya mtu mwingine.

Halafu ukanipigia ukasema umesimama kanisani ukamshukuru Mungu mbele ya watu kwa ajili yangu. Nilikata simu, ukadhani ni mtandao. Nikajidunga mwenyewe: kumi na tisa. Na vidole vya mguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi, hilo nalo nilikuficha. Siku hiyo hiyo nikaenda kliniki. Muuguzi alinibadilishia dawa na kunigombeza karibu kama wewe. Hizi wiki sita nilizokuambia mashine imeisha betri, ilikuwa nzima kabisa. Soda sijagusa, na miraa naifunga tu.

Leo asubuhi nimejidunga mbele ya shangazi ili awe shahidi. Nane nukta tatu. Si nzuri kama ya Mwongera, lakini ni yangu, dada, na wewe ndiye uliyeniletea. Ukisimama tena kanisani, shukuru kwa hiyo.

Wabusu watoto. Ukiwa na hasira njoo unichape, utanikuta barabarani nikitembea.

Mdogo wako mkaidi,
Bundi