Chumba Kisichotaja Majina

Jumatatu, 4 Machi
Mafunzo ya mameneja wapya. Nimepewa saa ya baada ya chakula cha mchana, ile ambayo wajanja huikwepa. Vichwa vinainama, kiyoyozi kinanguruma, na mimi pale mbele naeleza kazi ya Kitengo cha Ushauri wa Maarifa. Nikasema ninayoyasema kila mwaka: katika shirika kubwa la maji kama hili, kila mtu anajua jambo ambalo mwenzake wa kituo cha pili analihitaji leo, na hawaambiani. Sisi tunawakalisha chumba kimoja. Sheria mbili tu. Jina la msemaji halitoki nje. Na ukisikia kosa la mwenzio, kabla hujamuuliza swali, toa kwanza kosa la kwako.

Hawakuchangamka. Basi nikawapa kisa cha pampu iliyoungua mwaka jana. "Kituo kimoja," nilisema, sikukitaja. Swichi ya kinga ilikuwa mbovu, inazima pampu ovyo, mitaa inakosa maji, simu za matusi haziishi. Wafanyakazi wakaifunga kwa waya isizime. Siku pampu ilipozidiwa kweli, hapakuwa na cha kuizima. Msimamizi wa zamu alilisema hilo mwenyewe kwenye kikao chetu, na wasimamizi wengine wakafuata, kila mmoja na waya wake. Swichi zikabadilishwa vituo vyote.

Kisha nikaigiza sauti yake. Nzito, ya kujivuta: "Pampu haifi ghafla, jamani. Inaanza kwa kukohoa. Na sisi, badala ya kuipa dawa, tukaiziba mdomo."

Wakacheka. Wakaamka. Hata Naibu Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitabasamu. Nimerudi ofisini najiona bado nimo.

Jumatano, 6 Machi
Naibu ameniita. Chai, kiti laini. Akaulizia afya yangu, mjukuu wangu, mkataba wangu — unaisha Juni, siyo, mama? Halafu, akikoroga chai: yule wa pampu inayokohoa ni mzee Taratibu, sivyo?

Nikamwambia majina hayatoki chumbani.

Akasema hajauliza jina, analo. Alipoajiriwa alianzia kituo cha mlimani, chini ya Taratibu, na sauti ile ilikuwa ikimwamsha kila asubuhi. "Umemwigiza vizuri, mama. Mpaka kikohozi." Bodi inataka mtu wa kubeba lawama za ile pampu. Kamati ya nidhamu itakaa wiki ijayo, na mimi nitaitwa kuthibitisha tu. Nikasema sitathibitisha. Akasema nifikirie.

Jina nililiondoa. Sauti nikaiacha. Nawafundisha vijana kufuta kituo, kufuta tarehe, kufuta zamu. Haikunijia kwamba mtu anaweza kutambulikana kwa mwendo wa sentensi yake. Mimi, niliyeishi na vitabu maisha yangu yote! Niliipenda mno sentensi ile. Ndiyo basi.

Ijumaa, 8 Machi
Taratibu amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae Alhamisi. Alikuwa karibu kustaafu. Akifukuzwa sasa, anatoka kama alivyoingia, mikono mitupu.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Fundi umeme wa zamu yake ni shemeji yake, mume wa dada yake, na siku ya kikao naye alikuwa chumbani. Taratibu ameshajihakikishia kuwa shemeji ndiye aliyemtaja kwa Naibu. Jana wamekutana langoni, watu wamejaa. Taratibu: tumekula sahani moja, shemeji, kumbe mwenzangu ulikuwa unanitafuna mimi. Na shemeji mtu: ningetaka kukuuza ningekuuza zamani, ulipokuwa na bei. Watu wakaangua kicheko. Wao wawili hawakucheka.

Wa kituo wamenipigia simu kunisimulia. Wamenipigia mimi, eti nifanye jambo, kwa kuwa Bi Maswali, kama wanavyoniita, ndiye mtu pekee makao makuu asiyetoa siri.

Nikasema nitaona. Nikakata.

Jumapili, 10 Machi
Mjukuu wangu alikuwa mapumziko, hospitali anakofanya kazi imempa siku moja. Akaingia jikoni akanikuta nimeshika kikombe kilichopoa. "Mke mwenza, nani amekuacha?" Nikamweleza yote.

Akasikiliza huku akimenya viazi. Kisha: kwa hiyo Alhamisi utakwenda kukataa kumtaja, utoke shujaa.

Ndiyo, nikasema.

"Na yule shemeji?"

Nikainuka, nikamwaga chai yangu.

"Kumkatalia Naibu ni rahisi, bibi. Naibu mwenyewe humpendi."

Akaosha kisu, akaendelea na mambo yake. Katoto kale nimekalea mwenyewe.

Mchana nilijilaza, sikulala. Kwa mawazo nilikuwa shuleni nilikofundisha, kule katika nchi niliyotoka, katika chumba cha walimu chenye meza ndefu na saa iliyosimama. Asubuhi moja mwenzetu mmoja hakuja, na hakuja tena. Mtu alikuwa amerudia mahali fulani maneno aliyoyasema yule bwana mle ndani. Hatukujua ni nani. Tukagawana shaka kama watu wanaogawana mkate, kila mmoja akapata kipande, na tulipoikimbia nchi tukakimbia na vipande vyetu. Katika mji huu huu kuna mwanamke niliyefundisha naye darasa moja. Tukikutana sokoni, mmoja wetu huvuka barabara.

Miaka yote nimedhani aliyesema alikuwa mwovu. Leo, mara ya kwanza, nimewaza: pengine alikuwa mahali watu wanasinzia, akataka kuwachekesha.

Jumanne, 12 Machi
Kikao cha kituo cha bondeni. Wanawasha pampu mpya Jumatatu, na mhandisi wao, binti mpole mwenye miwani, aliomba waliowahi kuwasha za aina hiyo waje wamweleze walikokwama. Viti nilivipanga duara kama kawaida. Walikuja wote. Hata hilo lilinipa tumaini.

Nikauliza: nani amewahi kuharibu kitu siku ya kuwasha?

Mikono ikaenda kwenye sahani ya biskuti.

Sisi kwetu shwari, Bi Maswali. Shwari kabisa. Kwetu pia, akadakia mwingine. Mmoja akasema yeye amefuata biskuti, wakacheka kidogo, kicheko kikazimika chenyewe. Mhandisi alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kalamu imeelea hewani. Watatu kati yao nawajua vizuri. Walishanieleza, zamani, mambo ambayo yangemwepusha na balaa. Wakala biskuti. Wakaaga kwa adabu.

Mhandisi alipokuwa anakusanya vitu vyake akaniuliza: nimewakosea nini? Nikasema hujawakosea, mwanangu.

Sheria nimeitunga mwenyewe. Walipoficha makosa yao vile, ilikuwa zamu yangu kutoa kosa la kwangu. Nilifungua mdomo. Nikawauliza kama kuna anayetaka chai zaidi.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Korido ina harufu ya rangi mpya. Karani amechungulia, akasema bado kidogo, wanamaliza jambo jingine.

Taratibu alifika kabla yangu. Suti ya kahawia, imemzidi mabega, amekonda. Nilidhani atanigeuzia uso. Akasimama, akanipisha upande wenye mto. Amesikia, akasema, kwamba nimemkatalia Naibu. Mlinzi kamwambia, na mlinzi kaambiwa na dereva. "Ahsante, Bi Maswali. Katika jengo hili lote amebaki mtu mmoja." Halafu, kwa ile sauti ya kujivuta, akaniambia dada yake yuko kwake tangu Jumamosi na watoto wote. Amemwambia achague: kaka au yule msaliti. Dada mtu analia tu, hasemi. "Atachoka kulia, atachagua."

Nikasema: Taratibu, shemeji yako —

Akainua kiganja. Hilo jina tuliache leo, mama. Moyo wangu una kazi nyingine mle ndani.

Nikaliacha. Nimeliacha kwa urahisi, na urahisi ule nimeuona.

Ameona midomo yangu imekauka, amekwenda kuchota maji kwenye dramu mwisho wa korido. Nimetoa daftari. Mle ndani viti vinaburutwa, wanajipanga.

Anarudi, glasi mbili, anatembea polepole asimwage. Ameketi. Ameweka yangu juu ya benchi, katikati yetu. Ananiuliza naandika nini.

Kosa, nimesema.

Amecheka kidogo, kicheko chake cha kwanza leo. La nani?