Sufuria Isiyoguswa na Mafuta

Anaeli,

Nimeandika habari za vifo miaka mingi, na neno "ghafla" nimelitumia nikidhani nalijua. Uliinuka mezani kuchukua chumvi, ukaanguka. Mkeo aliponipigia simu nilimuuliza ni hospitali gani, nani alikuwepo, saa ngapi. Alijibu yote. Kisha akasema, "Shemeji, ni Anaeli." Ndipo nikagundua nilikuwa sijasikia.

Nakuandikia kwa sababu ya sufuria yako ya mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi uliyoipika kwa mkono wako.

Siku ya mazishi niliingia uani kwako Sekei nikaikuta kwenye mafiga, imejaa pilau. Sufuria ile ile. Ulitukataza hata kupitisha kijiko chenye mafuta karibu nayo. "Mafuta yanaua povu," ulisema, "na mbege bila povu ni uji wa mgonjwa." Akina mama wa jirani walikuwa wakigeuza nyama humo kwa mwiko wako. Niliduwaa pale kuliko nilivyoduwaa kaburini. Mama mmoja akadhani nina njaa, akanipa sahani. Nikala.

Baadaye shemeji akaniambia kaka zako watashuka kutoka mlimani siku ya kuanua matanga, na wameomba mbege yako. Uliyemfundisha kuipika ni mimi peke yangu. Nikishindwa, basi imezikwa pamoja nawe. Sufuria yako niliihesabu imekwisha, nikaenda kutafuta nyingine ninayoweza kuimudu.

Kule mtaa wa Sakina, fundi mmoja alinionyesha pipa lililokatwa, rahisi kabisa. Niliingiza kichwa ndani, likanuka dizeli. Mjini kuna za chuma cha pua zinazong'aa, lakini kwa bei ile ningenunua mbuzi. Nikabaki na za alumini. Nilifanya ulivyonionyesha: nikabonyeza kitako kwa gumba, maana kitako chembamba huunguza ndizi kabla hazijawa nyekundu, nikatikisa mishikio, nikagonga ubavu nikasikiliza. Muuzaji akanitazama. "Mzee, hiyo ni sufuria, siyo tikiti." Nilichukua nzito, ndogo kidogo kuliko yako, bila mfuniko. Mfuniko ulipandisha bei, na wewe ulikuwa ukifunika kwa majani ya mgomba.

Tulipokuwa tunachemsha ndizi nikampa shemeji pole kwa sufuria iliyoharibiwa na pilau.

"Imeharibiwa na nini?" akasema. "Shemeji, mimi kila mkesha wa Krismasi napikia pilau humo. Yeye akipanda kumsalimia mama yake, mimi huku nakaanga vitunguu. Akirudi, nimeshaisugua kwa majivu. Na pilau anaisifu."

Nilikaa kwenye kreti. Habari nzito nimezipokea nyingi, na nimezipokea nikiwa na kalamu mkononi. Kwa hii nilitoa simu nikupigie. Nilikuwa nimeshalifikia jina lako.

Mbege ilitoka, na povu lilisimama. Kaka yako mkubwa alipewa kata ya kwanza. Akamwaga kidogo chini, akanywa, akafuta mdomo.

"Umejitahidi, mwandishi. Ila ya Anaeli ilikuwa na kitu."

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema ni ulezi, mwingine ni maji ya kule juu, wa tatu akasema ni mkono wa mtu tu. Shemeji akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Walidhani analia, wakampa pole. Mimi nikaangalia chini, nami nikapewa pole.

Hatukuwaambia.

Pumzika, ndugu yangu. Mkesha wa Krismasi nitampelekea mkeo sufuria hii mpya, apikie pilau kwanza, aisugue kwa majivu anavyojua yeye. Baada ya hapo ndipo nitapika mbege yako.